Swali Nililolijibu kwa Mzaha Kwenye Josho

Mwanangu Doto,

Kosa wanalofanya watu wengi ni kuchukua jambo lililo kweli kwa ng'ombe na kumbebesha binadamu, bila kuuliza kama linamhusu. Nimewasikia wafugaji wakilifanya, na walimu, na shangazi yako. Lakini aliyelifungulia mlango likaingia nyumbani kwetu ni mimi, na kesho asubuhi unaondoka kwa sababu yake.

Ni saa kumi jioni. Umekwenda parokiani kuwaaga wanakwaya wenzako, pacha wako Kulwa yuko gereji, nami nimekaa peke yangu na karatasi. Tatu nimeshazichana. Hii, ikiwa mbaya au nzuri, nitaiweka kwenye begi lako dogo, juu ya kitabu cha sala, uikute ndani ya basi la Mahenge. Nimechagua basi kwa makusudi. Hapa nyumbani kila nikianza kusema unajibu "ndiyo, baba", halafu unachukua ndoo na kwenda bombani.

Mambo ya sabuni, chandarua na sweta ya baridi ya kule mlimani shangazi yako ameshayamaliza. Mimi nataka kusema lile ambalo baba wa kwetu hasemi na binti yake. Najua desturi: maneno ya mwili wa binti ni ya mama, na mama akiwa hayupo ni ya shangazi. Mama yenu ametutoka, na shangazi Teodora anaamini kile kile wanachoamini juu yako watu wa Idete. Kwa hiyo hajabaki wa kusema isipokuwa mimi. Ukiona haya, nami ninaona haya, lakini endelea kusoma.

Nianzie mbali kidogo, Kiberege, kituo changu cha kwanza. Nilikuwa bwana mifugo kijana, nina pikipiki ya serikali na ninajua kila kitu. Kulikuwa na mjane mmoja, tumwite Mama Salome, ambaye ng'ombe wake pekee alizaa pacha, dume na jike. Dume alikufa mapema. Jike akakua akawa mtamba mzuri, mgongo umenyooka, manyoya yanang'aa. Mama Salome akanijia akasema, "Mwanangu, mtamba wangu hapandwi. Dume anamnusa, anamwacha." Nikamwambia asubiri, ni lishe. Nikampa jiwe la chumvi. Mwaka uliofuata akarudi, nikamwambia asubiri tena. Yule mama alikata majani akapita nayo kichwani kwenye tope la mashamba ya mpunga, miaka mitatu, kwa sababu ya neno langu.

Mwishowe tukakubali achinjwe. Nilikuwa machinjioni tumbo lilipofunguliwa. Pale ambapo mfuko wa uzazi ungekuwa, palikuwa na kitu chembamba kama uzi wa kushonea viatu. Pale ambapo ovari zingekuwa, palikuwa na vitu vidogo vilivyofanana zaidi na korodani. Mama Salome alikuwa amesimama pembeni yangu. Akaangalia, akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa, "Kwa hiyo nilikuwa namlisha nani?"

Jibu nilifundishwa chuoni, likalala kwenye daftari. Ningempima yule ndama wiki aliyozaliwa, kwa kijiti laini kilichopakwa mafuta, ningejua. Kwa ndama jike mzima kinaingia mbali. Kwa huyu kingegota karibu na mlangoni.

Usiku na mchana nililifikiria swali la yule mama. Nikafungua daftari upya nikasoma mpaka nikaelewa, na nataka nawe uelewe, maana mara ya mwisho nilikueleza vibaya.

Katika wiki za mwanzo kabisa, kijusi si dume wala jike kwa macho. Nimewahi kuvishika, vya ng'ombe waliochinjwa na mimba changa, havizidi kiungo cha kidole. Ndani yake mna tezi mbili ndogo ambazo bado hazijashika njia, na jozi mbili za mirija. Jozi moja inaweza kuwa njia ya mbegu za kiume. Nyingine inaweza kuwa mfuko wa uzazi. Kila kijusi kinaanza na zote mbili, cha ng'ombe, cha mbuzi, na wewe na Kulwa vile vile. Kwa ng'ombe, mimba inapokaribia wiki ya sita, tezi za dume zinageuka kuwa korodani na zinaanza mara moja kutengeneza homoni. Homoni ya kwanza inaiyeyusha ile mirija ya kike. Ya pili inaishikilia mirija ya kiume isipotee, na baadaye inaumba maumbile ya nje. Tezi za jike hazina haraka hiyo. Nazo zitakuja kutengeneza homoni zake, lakini mirija ya kike haizisubiri. Inakua yenyewe, mradi hakuna wa kuizuia.

Sasa ng'ombe akibeba pacha, makondo yao ya nyuma hukutana mapema sana na mishipa ya damu ikaungana, kabla hata dume hajaanza kutengeneza homoni zake. Inakuwa damu moja inazunguka katika miili miwili. Zile homoni za kaka zinapoanza kutiririka zinamfikia dada, na kilichokuwa chake kinayeyuka. Anazaliwa na sura ya jike na chuchu za jike, lakini ndani hamna. Si wote, ila karibu wote. Dume mwenyewe kwa kawaida anatoka salama.

Nilipolijua hilo, nikawa mhubiri wake. Kila kijiji nilichofika nilikusanya watu: ndama jike aliyezaliwa na dume mpimeni mapema, msimsubiri. Nilikuwa nalipa kosa la Kiberege. Nilikuwa ninaeleza kwa bidii, kwa michoro ya kijiti mchangani, na watu wakanisikiliza. Hapo ndipo hatari ilipokuwa.

Ninyi mlikuwa kidato cha pili. Siku ile tulikuwa kwenye josho la Idete, ng'ombe wanaogeshwa, wafugaji wamezunguka. Nilipomaliza, Mzee Malale akainua fimbo yake. Unamjua, baba yake Masanja. Akasema:

"Bwana mifugo, umetufundisha vizuri. Na binadamu je? Wewe si una Kulwa na Doto pale kwako, wa kiume na wa kike?"

Watu wote wakanigeukia. Jibu nililijua. Lilikuwa fupi: kwa binadamu sivyo. Lakini nikaona nitasimama mbele ya wanaume arobaini, katika harufu ya dawa ya kupe, nizungumzie tumbo la binti yangu. Haya ikanipanda. Nikasema:

"Mzee Malale, mimi nimesomea wenye mikia. Wasio na mikia kawaulize wakunga."

Walicheka, Doto. Walicheka mpaka ng'ombe mmoja akaruka nje ya foleni. Mzee Malale akapiga goti lake kwa kofi: "Haya, leo bwana mifugo kakimbia!" Nami nikacheka pamoja nao, nikapanda pikipiki, nikafika nyumbani nikamsimulia mama yenu mzaha wangu. Yeye hakucheka. Kwao, Usukumani, mapacha si jambo la mzaha, na ndiye aliyewapa majina yenu. Akaniuliza, "Umewaachia hivyo hivyo?" Nikamwambia ni maneno ya joshoni, yanaishia joshoni.

Hayakuishia. Wewe ndiye uliyeyasikia bombani kabla yangu, hukuniambia. Nimejua juzi tu kutoka kwa Kulwa kwamba wenzako walikuwa wakikutania: "Doto, kaka yako alikunywa yote, akakuachia jina." Na kwamba Kulwa alipopata mtoto wake, walisema ndiyo uthibitisho.

Masanja alipoleta posa nilifurahi kuliko nilivyoonyesha. Mwalimu, mpole, anakuangalia ukiongea kama anayesikiliza redio ya mpira. Halafu mwezi wa pili akaja yule mshenga wao, akakaa kwenye kiti hiki hiki ninachokalia, akasalimia, akazunguka sana kwenye mvua na mpunga, mwishowe akasema:

"Mzee, nimetumwa na maneno mazito, usinikasirikie mimi. Wenzako wanasema swali waliliuliza zamani, na jibu hawakupata. Wanauliza, mtu mwenye jibu zuri angelificha kwa nini?"

Mwanangu, hapo nilipewa nafasi ya pili. Kitu kile kile nilichoshindwa kukisema mbele ya watu arobaini, sasa niliombwa nikiseme mbele ya mtu mmoja mpole aliyevua kofia. Nami nikasimama nikamwambia binti yangu haombewi cheti cha uzazi, na mlango ni ule pale. Nilijiona nimekulinda. Alirudi Idete na hasira yangu, na kwao hasira ile ilikuwa ndiyo jibu.

Nafasi ya tatu ilikuja na Masanja mwenyewe. Ile siku ya mvua, pikipiki yake imekwama, kafika amelowa tope mpaka magotini. Alisimama barazani akasema, "Shikamoo, baba. Mimi nitamwoa hivyo hivyo." Wewe ulikuwa nyuma ya pazia. Ukatoka.

"Hivyo hivyo ndiyo vipi, Masanja?"

"Doto, mimi sijali watoto."

"Leo hujali. Baada ya miaka mitatu mama yako atakuletea mwingine, nami nitampikia uji wa uzazi. Nenda."

Aliniangalia. Alikuwa ananiomba kwa macho nimsaidie, maana yeye mwenyewe hakujua cha kusema. Nilikuwa na sentensi moja ya kusema. Nikakaa kimya, kwa sababu bado nilikuwa nimemkasirikia baba yake. Masanja akageuka akaenda kusukuma pikipiki yake kwenye tope, na hakuna aliyetoka kumsaidia.

Jioni ile ndipo nilipoanza kueleza. Nikachukua kalenda ya mwaka jana, nikachora nyuma yake kondo la ng'ombe, mishipa, tezi, mishale ya homoni. Nilichora vizuri. Nilikuwa nimefika kwenye wiki ya sita uliposema, "Baba, mimi si ndama." Ukainuka.

Na hiyo, Doto, ndiyo sentensi ambayo mimi nilitakiwa kuisema miaka yote. Uliisema wewe, kwa uchungu, ukiamini kinyume chake.

Baadaye shangazi Teodora akakuambia masista hawaulizwi watoto. Nilimsikia. Alisema kwa upendo. Wiki mbili baadaye barua ya maombi kwa masista wa Mahenge ilikuwa imeandikwa, na wewe ambaye ulikuwa ukisinzia kwenye mafungo ukaanza kuamka saa kumi na moja kwenda misa. Nikajiambia labda kweli Mungu amekuita. Ninajiambia hivyo hata sasa. Kisha ninakumbuka jinsi ulivyompa Kulwa gauni lako la bluu ampelekee mkewe, hukulitazama lilivyokuwa linatoka, na ninajua mtu anayeitwa haondoki nyumbani kwa sura ile.

Kwa hiyo sikiliza sasa kile nilichopaswa kukieleza siku ile, bila mchoro.

Kwa binadamu, mapacha wa kike na wa kiume kila mmoja ana kondo lake. Hata makondo hayo yakigusana na kushikana, mishipa yao ya damu haiungani kama ya ng'ombe, isipokuwa kwa nadra ambayo madaktari wakiikuta wanaitana kuja kutazama. Kulwa alitengeneza homoni zake, zikafanya kazi yake mwilini mwake. Hazikuwa na njia ya kukufikia. Hakukunywa kitu chako. Mlilala bega kwa bega miezi ile yote, na kila mmoja alijengwa kwa damu yake.

Hukuniamini mimi, na una haki. Basi wiki iliyopita, ile siku niliyosema nakwenda kufuatilia pensheni, nilikwenda hospitalini kumtafuta daktari wa akina mama. Nilikaa kwenye benchi katikati ya wajawazito, mzee mzima, wakinisogezea nafasi. Nilipomweleza akaweka kalamu chini. "Mzee wangu, jana tu hapa nimemzalisha dada mmoja, naye anaitwa Kulwa kama mwanao. Pacha wake wa kiume ndiye aliyemleta na bajaji, na alikuwa analia kuliko yeye." Nikamwomba arudie. Akarudia, akicheka. Mimi sikuweza kucheka.

Na kama hospitali nayo ni mbali nawe, tazama zizi letu. Mbuzi wanazaa pacha dume na jike kila msimu. Kwao damu huchanganyika mara chache sana, ndiyo maana hakuna mfugaji hapa bondeni anayemtupa mbuzi jike kwa sababu ya kaka yake. Yule mweusi wako, Bahati, alizaliwa na dume. Mara ngapi umeshika miguu ya watoto wake wakitoka? Mzee Malale ana mbuzi wengi kuliko sisi. Hakuna aliyefikiria kuwatazama, hata mimi niliyesomea.

Na la mwisho, ambalo ni gumu kuliandika. Mtamba wa namna ile ya Kiberege haingii kwenye joto la kutaka dume hata siku moja, maana hana cha kumwingiza. Wewe ulipovunja ungo mama yako aliniambia. Alinunua khanga mbili, akakufungia ndani siku nzima mkicheka nisichokijua, nami nikajifanya nina safari ya Mlimba. Mwili wako umekuwa ukisema ukweli kila mwezi, na sisi sote tumesikiliza watu wa joshoni.

Siwezi kukuahidi watoto. Hakuna wa kumwahidi mwanamke yeyote hilo, wala daktari yule hakuthubutu. Ninachosema ni kwamba hukunyimwa chochote kabla ya kuzaliwa, na kwamba uamuzi uliojengwa juu ya hilo umejengwa hewani.

Nimefikiria kukukataza. Nimefikiria kuuficha ufunguo wa geti, Mungu anisamehe. Nimefikiria kwenda Idete kusimama mbele ya josho na kulijibu lile swali, na hilo nitalifanya Jumamosi, watakapoogesha, hata wakinicheka. Lakini najua hata nikilijibu mara mia, wewe utakuwa umeshavuka mto, na kila siku utakayokaa kule ukinyamaza itafanya iwe vigumu zaidi kurudi nyuma. Mimi nilinyamaza mara moja ikawa rahisi kunyamaza mara ya pili, na ya tatu sikuona hata kama ninanyamaza. Hicho ndicho ninachokiogopa ninapoandika hapa: kwamba umerithi kimya changu, na utakibeba mpaka kwenye nadhiri.

Kama baada ya kujua haya yote bado unataka maisha yale, nitapanda basi nije kwenye misa ya nadhiri zako nikiwa nimevaa suti, na sitakuwa na neno moyoni. Utawa ni maisha makubwa. Ila usiingie kwa sababu umeambiwa mlango mwingine umefungwa. Haujafungwa. Aliyeuegemea akauzuia ni baba yako.

Masanja sijui anawaza nini sasa. Sijamwomba lolote, wala sitamwomba. Hilo ni lako na lake.

Nakusikia getini. Unaimba sauti ya tatu ya wimbo wa kutoa sadaka, peke yako, bila sauti ya kwanza. Lazima nikunje karatasi.

Utakapoteremka kwenye basi, kabla hujaonyeshwa kitanda, mwombe sista atakayekupokea mkae wawili, umweleze kwa mdomo wako kwa nini umekuja.